Bibi Hayumo Kwenye Karatasi

Mama Mvuke, kama wenzake walivyomwita, alikuwa na mwaka wa kumi na tisa akipiga pasi mashuka kwa dobi mkubwa anayefulia mahoteli. Malipo ya pale ni kwa kipande: shuka moja, alama moja ubaoni. Shuka lililochanika halina alama, ndiyo maana hurundikwa pembeni mpaka msimamizi apige kelele.

Kila akirudi nyumbani, miguu imevimba, alikuta vyombo vya jana na watoto wake wawili wakitupiana zamu. Alisema mpaka mate yakamkauka. Mwisho akachoka kusema. Likizo ilipoanza alibandika karatasi kwenye mlango wa jiko: vyombo, uwanja, kudeki, madirisha, kila kazi na bei yake. Anayetaka hela ya matumizi aitolee jasho.

Wiki ya pili nyumba iling'aa. Kazini alijisifu kidogo, na mwenzake wa meza ya jirani akaomba aandikiwe nakala.

Ijumaa alikuta sakafu inateleza kwa usafi na madirisha utadhani hayana vioo. Chumbani, mama yake mzazi, aliyevunjika nyonga miezi mitano nyuma, alikuwa amelalia shuka lililolowa tangu asubuhi.

"Leo nani alikuwa nyumbani?"

"Sote," alijibu binti, mwenye miaka kumi na mitatu.

"Na bibi yenu hamkumwona?"

"Tulimwona. Lakini mama, hiyo haimo kwenye karatasi."

Mdogo wake wa kiume akadakia, "Mimi nilimwambia anisubiri nimalize madirisha."

"Mume wangu huyo," bibi alisema kutoka kitandani. "Mimi nimeloa, yeye anabembeleza vioo."

Hakuna aliyecheka. Mama alifungua mdomo awakemee, akakumbuka meza yake ya pasi. Yeye mwenyewe leo hii ameruka mashuka mangapi yaliyochanika, akachukua mazima?

Alimwosha mama yake, akatandika upya, kisha akasimama mbele ya karatasi na kalamu mkononi. Kesho zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Akiandika "bibi" na bei nzuri, mama yake atashinda mkavu. Hilo alikuwa na hakika nalo. Asipoandika, hana hakika na lolote.

"Andika tu, mama," binti alisema. "Nitafanya mimi. Lakini iwe zaidi ya vyombo, maana inanuka."

"Mwanangu," sauti ilitoka chumbani, "usiniandike."

Mama akaibandua karatasi. "Kesho bibi kwanza. Mengine yakishindikana, yashindikane."

"Kwa bei gani?"

"Hakuna bei."

"Basi na hela ya matumizi hakuna?"

"Ipo. Jumapili nitawapa kidogo nitakachokuwa nacho, mmefanya kazi au hamkufanya. Bibi hamumwoshi kwa hela, na hela hamnidai kwa bibi."

Binti akabinua midomo, akaenda zake.

Kesho yake Mama Mvuke aliunguza foronya mbili, jambo ambalo hata wanagenzi hawalifanyi. Aliporudi, uwanja haukuwa umefagiwa na nzi walikuwa na mkutano kwenye sinki. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani, akapeleka mkono chini ya mama yake. Shuka lilikuwa kavu, limechomekwa upande mmoja tu.

"Nani?"

"Mke mwenzangu. Kanisugua kama sufuria, neno hakunisemesha. Namuuliza, umeninunia? Ananiambia, inua mkono."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nimekauka."

Binti alikuwa amekaa kibarazani, amewapa mgongo. Mama yake hakumwita. Alivua viatu, akaingia jikoni, akaanza kuosha vyombo akisimamia mguu mmoja, ule mwingine akiupumzisha.