Tulivyotimiza matching fund ya kusafisha udongo wa dizeli Ujiji bila kuuza mwalo wetu

Wakuu, habari za humu. Miaka yote nimekuwa msomaji wa nyuzi zenu, leo naweka wangu. Haya yametokea kwetu Ujiji na nilikuwemo. Mwenye kubisha aje mwaloni, hapa boti zinapotia nanga, nimwonyeshe.

Naanika dagaa, ndiyo kazi yangu. Pia ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Mwenyekiti ni Mama Zuhura, ambaye hata wenye vyombo vya uvuvi wanamwamkia wakiwa bado mbali.

Sehemu yetu ya kuanikia zamani ilikuwa gereji ya injini za boti. Mwenyewe alihama, akatuachia mapipa yaliyotoboka na udongo mweusi. Dagaa wakianikwa pale wananuka dizeli.

Wateja wa Kigoma mjini wakaanza kuturudishia mzigo. Wengine wakaacha hata kupokea simu. Nililia, sitaficha.

Akapatikana mfadhili wa kusafisha maeneo yaliyochafuliwa. Yeye analipa wataalamu, vipimo na lori. Ila kuna kitu kinaitwa matching fund, yaani na ninyi mchangie robo ya gharama. Bila hiyo hupati hata koleo.

Robo tuitoe wapi?

Akajitokeza tajiri mmoja mwenye vituo vya mafuta. Atatulipia yote, sisi tumwandikie nusu ya eneo. Yaani ardhi imeharibiwa na mafuta, halafu mwokozi wetu ni muuza mafuta!

Tukakataa. Watu wakatuita wajinga, na baadhi yao ni waume zetu.

Masharti ya mfadhili yaliruhusu mchango wa nguvu kazi. Siku ya mtu kazini inathaminiwa na kuingia kwenye ile robo. Sisi peke yetu tusingetosha, lakini mbalamwezi ilikuwa inakaribia.

Kwa msio wa ziwani: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, hivyo wavuvi wanabaki nchi kavu wanacheza karata na kusumbua wake zao. Mama Zuhura akapita kila chombo. Wakaja na makoleo, tukachimba na kurundika udongo juu ya maturubai kama mtaalamu aliyekuja kukagua alivyoelekeza.

Ndipo akaja ofisa wa mradi, kaka mmoja mstaarabu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine. Akasifu kazi, halafu akasema mkataba haujasainiwa, na chochote kilichofanyika kabla ya saini hakihesabiki.

Hatukujua. Sisi tulifuata mwezi, na mwezi hausubiri mtu asaini.

Akashauri tumfikirie upya yule tajiri. Nilitamani kumjibu vibaya, Mama Zuhura akanishika mkono.

"Baba, udongo mweusi umebaki?"

"Umebaki, Mama. Zaidi ya nusu."

"Ego, ndiyo. Na mchanga safi wa kufukia mashimo bado haujaletwa. Sasa lete hiyo kalamu tusaini. Tulichokwisha kuchimba ni zawadi yetu kwa ziwa letu. Mwezi utakuwa mkubwa tena, na hawa wavuvi hawana pa kwenda."

Tukasaini. Wavuvi wakarudi ziwani, sisi tukasubiri huku watu wakitucheka.

Mbalamwezi iliyofuata walikuja wengi kuliko mwanzo. Mara ya kwanza walikuja kwa kuombwa, mara hii walikuja kwa hasira. Wengine wakatoa na vyombo vyao kubeba mchanga safi kutoka sehemu tuliyoonyeshwa na halmashauri, navyo vikathaminiwa. Ofisa alisimama pale kila siku akiandika majina, mpaka robo ikatimia na ikazidi.

Vipimo vikatoka safi. Wateja wamerudi, wanajifanya hawakuwahi kuondoka.

Juzi yule tajiri alimtuma dereva wake anunue dagaa. Tulimuuzia kwa bei ya kila mtu.

Nilichojifunza: kabla hamjashika koleo, ulizeni mchango unaanza kuhesabiwa lini. Na msimpe mtu ardhi yenu kwa sababu ya robo, angalieni kwanza nani yuko karibu nanyi na ana mikono.

Mwenye kikundi na maswali aulize, nitajibu nikishaanua dagaa. Na wewe unayetaka kuandika kwamba tulichezea bahati ya tajiri, karibu pia. Ila njoo kwanza unuse mchanga wetu.