Mkate Wenye Namba ya Serikali

Mgeni kutoka wizarani aligeuza kipande cha mkate ili apake asali, akakuta chini yake kimeandikwa MK 19.

Akakisogeza karibu na miwani. Akasoma tena. Kisha akanitazama mimi.

"Ndugu Ezekieli, hii namba si yako?"

Ilikuwa yangu. Niliigonga mwenyewe kwa nyundo na msumari. Sikuigonga kwenye mkate, niligonga kwenye kopo la kuokea mikate, na kopo lenyewe saa hiyo lilitakiwa liwe ndani ya chumba cha makumbusho, limefungiwa kwa kufuli, halijaguswa na binadamu.

Ndugu zangu wa kundi hili, nina miaka sabini na minne na naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Naona humu kila siku watu wanasimulia walivyowaumbua wenzao. Mimi nawaletea nilivyojiumbua mwenyewe, tena kwa bidii kubwa.

Ilikuwa 1975.

Nilikuwa kijana wa Kinyangiri, nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi ya usaidizi katika ofisi ya utamaduni. Nikapangiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Sekenke. Kazi yangu ilikuwa kukusanya vyombo vya zamani vya jikoni na kuviweka kwenye chumba cha makumbusho cha kijiji.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la mbolea lililopakwa chokaa. Lakini mimi nilivyokuwa nakitaja kwenye barua za nyumbani, mama yangu alidhani nafanya kazi Ulaya.

Nilikuwa na kalamu mbili mfuko wa shati. Moja haikuandika.

Nilikuwa pia na baiskeli, na kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Basi kichwa kikavimba. Wazee wa umri wa baba yangu nilikuwa nawaamkia shikamoo, halafu kabla hawajamaliza kuitikia nishaanza kuwaelimisha.

Na nilikuwa nimependa.

Selina alikuwa anafundisha kisomo cha watu wazima. Msichana mtulivu, haongei sana, ila akikutazama unajikuta unajipanga upya. Nikamtuma mjomba wangu apeleke posa kwa mama yake, Mama Rahabu, mjane. Mama Rahabu hakukataa na hakukubali. Alimwambia mjomba, mpeni muda amwangalie huyo kijana.

Nikasema moyoni, aangalie tu. Kwa hiki kitu atakachokiona, mwenyewe ataharakisha.

Sasa hapo ndipo makopo yanapoingia.

Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamehamishwa kuletwa kijijini. Nyumba zao za zamani, zile tembe, zilibaki huko porini zimeezuliwa. Mimi nikawa nazunguka kwenye hayo mahame na baiskeli yangu, naokota. Nimeokota mawe ya kusagia, miiko, vibuyu, vyungu, nyungo zilizoliwa na mchwa. Nikikuta chombo, naandika: kimetelekezwa.

Siku moja nikaingia kwenye tembe moja, nikakuta kona ina chungu kikubwa kimefukiwa nusu. Mdomo umezibwa kwa udongo na majivu, vizuri kabisa. Nikavunja.

Ndani kulikuwa na makopo sita ya bati ya kuokea mikate, chekeche la unga na mti wa kusukumia. Vimefungwa kwenye kitambaa safi. Makopo yote yamepakwa mafuta ya ng'ombe, yanang'aa.

Mtu mwenye akili angejiuliza ni nani anapaka mafuta kitu alichokitelekeza.

Mimi niliandika kwenye daftari kwamba vyombo vimehifadhika kwa namna ya ajabu.

Nikarudi navyo huku napiga kengele ya baiskeli, njia nzima haina hata mbuzi. Nikageuza kila kopo, nikagonga namba kwa nukta nukta za msumari, taratibu nisitoboe: MK 17 hadi MK 22. Makumbusho ya Kijiji. Nikaweka kwenye rafu ya juu. Halafu nikaandika kibao kwa herufi kubwa, kwa ile kalamu nzima:

VYOMBO VYA MKOLONI WA MGODI. MWAFRIKA HAKURUHUSIWA KUVIGUSA.

Hayo niliyatoa wapi? Kichwani. Niliona yanapendeza.

Wiki ile ile akina mama wa kijiji wakaja kutazama. Mama Rahabu alikuwamo. Akasimama mbele ya makopo muda mrefu mpaka wenzake wakamaliza vibuyu na kutoka.

"Hivi ulivitoa wapi, mwanangu?"

Ameniita mwanangu. Nikajua posa imeshapita. Nikamsimulia kwa robo saa nzima, mikono nyuma, nilivyogundua hazina ya mkoloni, jinsi wazungu wa mgodi wa dhahabu walivyokuwa wanakula mikate na babu zetu wanaambulia harufu. Nikamweleza hata mkate unavyookwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante kwa kutufundisha, akatoka. Nikamwona anasimama mlangoni na Mzee Simeoni, mlinzi wangu mwenye ufunguo wa pili, wanaongea Kinyiramba kwa sauti ya chini. Nikadhani ananisifia.

Baada ya hapo kijijini kukaanza kupatikana mikate.

Kikundi cha akina mama kilikuwa kinaoka Alhamisi na Ijumaa, unga wa ngano ukifika duka la kijiji. Sehemu ya mikate inakwenda kwa watoto wa chekechea, inayobaki inauzwa. Mimi siku hizo mbili huwa sipo, niko kwenye mahame. Nikirudi Ijumaa jioni nakuta Selina ameniwekea mmoja, nakula wote nimesimama.

Nilikuwa naiona mikate ina vidoti chini. Nilidhani ni tofali za tanuri. Umbo la mkate lilikuwa la kopo langu kabisa, na sikujiuliza. Jumamosi nikifungua makumbusho nakuta makopo yako rafuni yametulia, safi kuliko nilivyoyaacha, nampongeza Mzee Simeoni kwa kufuta vumbi.

Anajibu, "Tunajitahidi."

Wiki nane zikapita hivyo.

Mgeni wa wizarani, Ndugu Idrissa, alikuwa aje Jumatatu. Ziara yake ndiyo ingeamua nithibitishwe kazini au nirudi Kinyangiri kulima mtama. Safari hiyo sikwenda popote, nilibaki kufagia uwanja wa nje, ndani ningefagia Jumamosi. Yeye akatokea Ijumaa asubuhi na Land Rover, akasema ameamua kupitia huku kwanza. Mwenyekiti wa kijiji akamkaribisha barazani, chai, asali na mkate wa moto.

Hapo ndipo tulipoanzia.

Tukaenda makumbusho, mimi mbele. Nikafungua. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Kibao changu kimebaki peke yake.

Ndugu Idrissa akamuuliza Mzee Simeoni vyombo viko wapi.

"Vimeenda kazini," akasema mzee. "Kesho asubuhi vitarudi."

Hapo mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha mgeni kwamba sina mchezo. Nikaomba karatasi, nikaandika barua pale pale, nikaisoma kwa sauti mbele ya mwenyekiti na watu waliokwisha kusogea. Nilisema mali ya umma imeibwa. Nilisema mwizi huyo ni adui wa maendeleo, akamatwe na mgambo leo hii.

Sauti ilikuwa inatoka vizuri. Nikajisikia mkubwa.

Tukafuata harufu mpaka kwenye tanuri la udongo nyuma ya zahanati. Mgambo wawili, mwenyekiti, mgeni, nusu ya kijiji, na mimi mbele na barua yangu.

Mama Rahabu alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono imezama kwenye unga hadi viwikoni. Makopo yangu sita yamepangwa juani, yamepakwa mafuta. Selina alikuwa anachochea moto.

Nikaishiwa pozi.

Kwetu mama wa binti unayemposa humtazami usoni, sembuse kumfuata na mgambo. Nikatazama chini. Nikaona viatu vyangu tu.

Mama Rahabu alimkaribisha mgeni, akaomba radhi kwamba mikono yake haishikiki. Ndugu Idrissa, mtu mzima mwenye adabu zake, akamuuliza polepole makopo ameyapata wapi.

"Ni ya nyumbani kwangu," akasema. "Mume wangu Marko alikuwa anaoka mikate mgodini. Mgodi ulipofungwa walimpa hayo. Siku ya kuhama lori lilijaa, nikayapaka mafuta nikayafukia kwenye chungu, nije niyafuate na punda. Niliporudi chungu kimevunjwa, na nje kuna alama ya tairi la baiskeli."

Kila mtu akanigeukia. Nimeshawaambia kijiji kilikuwa na baiskeli ngapi.

Mgeni akauliza kwa nini hakusema.

"Kijana ameleta posa kwangu. Nilisema nimwangalie. Nilitaka kuona kama siku moja ataniuliza."

Akarudi kukanda unga wake.

Ndugu Idrissa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ndugu Ezekieli, hebu tusomee tena ile barua yako kuhusu mwizi."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Nikasoma. Nilisoma yote, mwizi, adui wa maendeleo, akamatwe leo hii, mbele ya mwenye mali na binti yake. Akina mama wamenipa migongo, mabega yanacheza kwa kicheko. Mgambo mmoja, nasikia alikuwa mkweli sana, akamuuliza mwenyekiti kama anifunge mimi kamba.

Selina hakucheka. Hiyo ndiyo iliniuma. Alinitazama kama mtu anayesahihisha daftari na kukuta kurasa zote zina makosa.

Mgeni akasema jambo hili si la wizara, nikalimalize na mwenye mali, na angepita Jumatatu kuona nimelimalizaje. Akapewa mkate mzima, akaondoka nao.

Usiku huo sikula. Kazi nilishaiona inaondoka, lakini nilichokuwa nakililia ni Selina.

Kesho yake nikapeleka chekeche na mti wa kusukumia vilivyokuwa vimebaki ghalani. Nikabisha hodi, nikapewa kigoda, nikakaa nimejikunja. Nikaomba msamaha kwa kuchukua makopo yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka matatu.

Mama Rahabu alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta.

"Makopo nilishakusamehe. Kila wiki nilikuwa nayapata, ningekasirika nini?"

Nikaanza kupumua.

"Ila kile kibao."

Akaweka ungo chini.

"Nimejifunza kusoma mwaka huu, mwanangu, na umri huu. Darasani nasoma ubaoni, nasaidiwa na wenzangu. Kitu cha kwanza nilichosoma mwenyewe, peke yangu, bila kusaidiwa, ni kibao chako. Nilikisoma mara tatu nikidhani nimekosea herufi. Kinasema mume wangu hakuwahi kuvigusa."

Ndugu zangu, nililia. Sioni aibu kuliandika hilo. Mwanamke amehangaika na herufi mpaka zikamfungukia, na zilipomfungukia zikakuta uongo wangu, nilioutunga ili nionekane msomi. Na mimi siku hiyo nilikuwa nimesimama pembeni yake namweleza mkate unavyookwa.

Nikamwomba aniambie niandike nini badala yake.

Akasema hapana, ataandika mwenyewe.

Aliandika Jumatatu, kwenye kisomo cha saa kumi jioni, darasa zima linasubiri. Selina akamshikia ubao usicheze, mimi nikamshikia kopo la rangi. Ilichukua kipindi chote. Ndugu Idrissa alifika katikati, akavua kofia, akakaa dawati la nyuma na wanafunzi.

MARKO ALIOKA MIKATE SEKENKE MIAKA KUMI NA MINANE. ILIKUWA MIZURI.

Tukakitundika kibao hicho kipya kwenye rafu tupu. Makopo hayakurudi tena makumbusho, na wageni waliouliza yako wapi Mzee Simeoni aliwaelekeza nyuma ya zahanati. Kazini nilithibitishwa, ila kwa barua iliyosema nisiokote kitu chochote bila mwenyewe kuwepo. Niliitunza miaka mingi, nikionyesha watu mstari wa kwanza tu.

Jibu la posa likaja baada ya mavuno. Selina ndiye aliyeniletea.

"Mama amekubali," akasema. "Mimi bado nakuangalia."

Aliniangalia miezi mitano mingine. Kila Ijumaa nilikuwa tanurini nakanda unga, mashati yangu yote yakawa meupe, na hakuna aliyenionea huruma. Tulioana mwaka uliofuata, na mpaka leo nikianza kueleza jambo nisilolijua, ananyamaza tu, ananitazama, nami najikuta nauliza.

Kama kuna cha kuondoka nacho hapa ni hiki: kabla hujaandika habari za mtu, kamuulize mwenyewe. Mimi nilikuwa na kalamu, daftari na baiskeli, na mtu wa kumuuliza alikuwa amesimama mbele yangu ananiita mwanangu, nami namfundisha.