Ibada ya Kijaluo na Mguu Wangu

Siku kidonda kilipofunguliwa tulikuwa wanne chumbani: mimi Dama, mdogo wangu Kadzo, jirani yetu Mama Akinyi, aliyeshika beseni, na sista wa zahanati, mwenye mkasi.

Zamani nilikuwa mzima. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikaenda kuchambua kahawa kwenye godauni la bandarini, Shimanzi, ili Kadzo asome. Huko bati likanichana muundi. Sikujua nina sukari. Kidonda kikageuka kijani, usaha ukalowesha soksi, harufu ikawa ya samaki aliyesahaulika. Nikakifunga vitambaa juu ya vitambaa, nikafukiza ubani chumba kizima. Mpaka leo nikinusa ubani, kichefuchefu hunishika.

Kanisani kwetu mhubiri alinisimamisha mbele. "Kinachooza mguuni kilianzia moyoni," akasema, leso puani. Nilimchukia, nikajichukia na mwenyewe.

Mama Akinyi akanipeleka kwenye ibada yao ya Kijaluo, ukumbini karibu na mtaa wa Buxton. Nikakaa dirishani, harufu itoke nje. Mimi Mgiriama, sikuelewa neno. Waliomba, wakaimba, maneno yakanipita kama mvua juu ya paa la jirani. Hakuna lililonitafuta mimi. Pumzi ikashuka, ikafuata wimbo. Nikawa naenda kila Jumapili.

Lakini kule zahanati, kila aliyekigusa kidonda nilimpiga teke. Daktari akasema, "Usipotulia ukasafishwa, tutakata." Bila mguu, nani angemsomesha Kadzo?

Ndipo sista akaja nyumbani. Kitambaa cha mwisho kilibanduka na nyama. Kadzo akakimbilia nje kutapika.

"Mama Akinyi, niombee kwa Kijaluo."

"Nikuombee nini?"

"Chochote, mradi nisielewe."

Akaanza. Nikaishika sauti yake, nikalala kimya kama niko pale dirishani, sista akikwangua mpaka ikatoka damu safi.

Baadaye nikamwuliza aliomba nini.

"Nilimwambia Mungu, mtoto huyu ananuka, nizuie nisimtapikie."

Mguu ninao. Namshukuru Mungu, na sista, na waimbaji wale. Wewe mwenye kidonda kisichopona, kapime sukari. Usikifukizie, kionyeshe.

Mama Akinyi sasa ana uvimbe wa titi, na umepasuka. Harufu yake hunigeuza tumbo nikiwa bado ngazini. Kesho sista anakuja kumsafisha, na beseni ni zamu yangu. Ameniomba nimwombee kwa Kigiriama.