Wimbo Nilioukata

Mama aliniomba kitu kimoja: awe akimsikia dadake jikoni bila kushika simu. Dadake huyo, ambaye mimi humwita mama mkubwa, aliishi Migwani, nasi tuko Kikima, na mara kwa mara alimtumia mama sauti ndefu za kumfundisha kupika. Mama amekuwa fundi cherehani maisha yake yote. Mapishi ya kwao yalibaki kwa mkubwa. Sasa alitaka kuyajua, lakini simu ilikuwa imeanguka kwenye unga mpaka spika yake ikawa inakohoa.

"Niwekee tu mahali nitabonyeza asikike," aliniambia. "Isiwe kitu ya kunisumbua."

Spika ndogo ingetosha. Lakini nimejifundisha mambo ya mashine peke yangu, kwa kutazama video, na kwa kuwa sina cheti, kila ninachokitengeneza nakiona kama mtihani, na kuna mtu mahali fulani amekaa akinisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nikaamua jikoni kwetu kutakuwa na kompyuta.

Nilipata laptopu kuukuu huko mji wa Salama, kwa muuzaji wa vitu vya mitumba kando ya barabara. "Hii ilikuwa ya ofisi ya majuu," aliniapia. "Skrini tu ndio imechoka." Skrini haikuwa imechoka, ilikuwa imekufa. Nikaing'oa, nikaunganisha mashine na televisheni ndogo tuliyokuwa tumeiacha stoo. Diski yake ilikuwa ikiunguruma kama kinu cha posho, nikaitoa nikaweka nyingine ya bei nafuu, yenye nafasi finyu. Nikaweka mfumo wa bure usiohitaji leseni. Kibodi nikaifunga kwa karatasi ya nailoni ili isiingie unga, na mashine yenyewe nikaipandisha kwenye rafu, mbali na moshi wa kuni.

Mama alikuja kuitazama, akaipenda, akaifunika kwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Nikakitoa, kwa sababu kiliziba matundu ya hewa. Kesho yake kilikuwa kimerudi.

"Itashika vumbi," alisema.

"Mama, itashika moto."

"Basi iache kujifanya jiko. Jiko ninayo."

Hapo ilikuwa tayari kutumika. Mama angebonyeza, dadake angesikika, kazi ingeisha. Lakini rangi za vitufe hazikunipendeza. Kisha maandishi yalikuwa madogo. Kisha nikaona kila pishi linahitaji ukurasa wake. Mama akawa ananipitia akienda kuteka maji na kuniuliza, "Mwana wakwa, hiyo kompyuta unaipika na kuni gani? Mbona haiivi?" Nilicheka naye, kisha nikajifungia nikabadilisha rangi tena.

Mwishowe nikafikia sauti zenyewe, na hapo ndipo nilipofanya nisichoweza kukirekebisha.

Mama mkubwa hakuwa mtu wa kufundisha kwa mstari ulionyooka. Anaanza kwa kusalimia nyumba nzima. Anafukuza kuku. Anasema mahindi yameingia kwenye kinu, nyunyizia maji kidogo, usiyaogeshe. Kisha anasema, "Sasa tungoje," na anaanza kuimba. Ni wimbo wa kanisani, wa Kikamba, na anauimba taratibu, kila ubeti, kwa sauti nene ya mtu aliyezoea kuongoza safu ya nyuma ya kwaya. Akimaliza: "Haya, twanga." Kwenye vitunguu ni hivyo hivyo, wimbo mwingine, mfupi zaidi.

Mimi niliuona wimbo kama kelele. Niseme ukweli, niliuonea hata aibu. Nilijiona nikimwonyesha mtu kazi yangu, na katikati ya pishi mwanamke anaimba mpaka mtu anaanza kutazama dirishani. Nikaukata. Nikakata kuku, nikakata salamu, nikakata kila wimbo, nikaunganisha maneno yaliyobaki mpaka pishi la muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa yatoke ganda, likawa fupi na safi. Sauti zile ndefu zilikuwa zimejaza diski yangu finyu, basi nikazifuta. Nikazifuta na kwenye simu ya mama pia, iwe nyepesi. Niliona nimemfanyia hisani. Mama mkubwa mwenyewe hakuwa na akiba yoyote. Simu yake ikijaa, humpa jirani amfutie kila kitu.

Bado mashine sikumkabidhi mama. Nilikuwa nikitafuta picha nzuri ya kinu.

Ndipo mama mkubwa akapatwa na kiharusi. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu. Upande mmoja wa mwili ulikuwa mzito, na maneno yote yalikuwa yamemwondoka isipokuwa moja, "aiee", ambalo kwa Kikamba ni hapana. Uji, aiee. Ugali, aiee. Mama akasema atampikia muthokoi wake mwenyewe, kama anavyoupika yeye, na akaniita niwashe ile kitu.

Nikawasha. Nilikuwa nimejaa fahari, na ninaandika hilo kwa sababu ni kweli. Mama mkubwa aliketi karibu na mlango wa jikoni, mto mgongoni. Sauti yake ikatoka kwenye rafu, safi, bila kuku: "Nyunyizia maji kidogo, usiyaogeshe. Sasa tungoje. Haya, twanga."

"Aiee," akasema mama mkubwa.

Mama alikuwa ameshainua mchi. Akaushusha. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Tungoje. Haya, twanga.

"Wimbo uko wapi?" mama akaniuliza.

"Niliutoa. Ulikuwa mrefu."

"Si wimbo wa kutoa huo! Ndio saa yake. Unafikiri ganda linalainika kwa kuambiwa? Hata mama yetu alipima muda hivyo." Alinitazama, nadhani akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Haya, uweke tena. Si uliutoa tu?"

Nilimwambia haupo. Aliuliza kwenye simu yake, nikamwambia hata huko haupo. Hakunikemea. Aligeuka akamtazama dadake, na mimi pia nikamtazama, na hapo nikaelewa kwamba muthokoi lilikuwa jambo dogo. Ile sauti nene haikuwa tena mahali popote. Niliifuta ili diski ipumue.

Nilichuchumaa mbele ya mama mkubwa. "Mama, ni mimi nilifuta nyimbo zako." Aliniwekea mkono wake mzima kichwani, ukakaa hapo, mzito. Sijui alielewa. Nilingoja aseme lile neno lake moja, hakulisema.

Mama akazima mashine. Akanyunyizia mahindi maji, akaanza kuimba mwenyewe. Mama huimba haraka, kama anakimbiza mshono ufike mwisho. Mama mkubwa akainua kidole na kukishusha polepole: punguza. Mama akapunguza. Midomo ya mama mkubwa ilikuwa ikifuata maneno, bila sauti, na kwa ubeti wa kwanza na nusu ya wa pili kidole kile kilituongoza vizuri. Nilisimama kando ya kinu, mchi mkononi, nikingoja kionyeshe kwamba sasa ni wakati.

Kisha kidole kikatua kwenye paja. Alikuwa amelala, kichwa kimeinama begani.

Mama akafika mwisho wa beti anazozijua akanyamaza. Alichukua punje moja kinuni, akaisugua kwa vidole, akanipa na mimi niisugue. Ganda lilitoka kidogo, au halikutoka. Tukatazamana, hakuna aliyejua kama tutwange au tungoje bado.