Mistari Mitatu kwenye Simu ya Shangazi

Nilijiona fundi. Nilikuwa nimetengeneza programu ya simu ya kutumiana ujumbe kwa ukoo wetu, uliotawanyika kati ya Makere na Mabamba. Kila ujumbe ulionyesha mistari mitatu. Ukizidi, lilitokea neno "endelea" la kubonyeza. Mistari nilikadiria mwenyewe: herufi arobaini, mstari mmoja. Nani angenibishia?

Baba alipozidiwa, mama alimwandikia shangazi, dada yake baba, aliyeko Mabamba ambako mtandao huja ukijisikia. Kwetu habari mbaya haitangulizwi, hata mgonjwa awe anakata roho. Mama akaandika: "Salamu wifi. Mvua imenyesha, maharage yamechanua, ng'ombe amezaa. Kaka yako hali mbaya, anakuulizia, njoo."

Kwa hesabu yangu, mistari mitatu haikujaa. Lakini macho ya shangazi ni mabovu, na simu yake ameikuza herufi mpaka zinatisha. Kwake maneno yalivunjika yakashuka chini, mstari wa tatu ukaishia kwa ng'ombe. Yaliyobaki yakafichwa, na "endelea" haikutokea, maana programu yangu ilidhani yote yameonekana. Mjinga mimi.

Kesho yake shangazi aliingia uani kwetu na vumbi la njia nzima. Alipanda bodaboda hadi Kibondo, akadaka basi la Kasulu, akashukia Makere. Baba alimtambua. Wakaongea Kiha cha utotoni hadi jua likazama, na siku ya tatu baba akatutoka.

Baada ya maziko nikaiona simu ya shangazi. Ujumbe wa mama uliishia kwa ng'ombe. Nikamuuliza alijuaje, na hapa pameandikwa habari njema tupu.

"Wifi yangu amekumbuka mpaka ng'ombe," akasema, "mumewe hakumtaja. Nikajua kuna jambo."

Mimi nilikuwa nimehesabu herufi. Yeye alihesabu watu, akakuta mmoja hayupo. Hadi leo sijaona akili ya namna ile, na nimeisaka sana.

Nilirekebisha palepale: simu ipange kwanza maneno kwa ukubwa wa herufi za mwenyewe, ndipo ihesabu mistari iliyopatikana. Safari hii "endelea" ikatokea. Shangazi akabonyeza, akasoma polepole kwa kidole.

"Kumbe aliniulizia," akasema. "Mimi nilidhani nimejileta tu."

Ndipo akalia, yeye ambaye kaburini hakutoa chozi.