Suruali Tuliyoiombea Ruhusa

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, nikueleze polepole. Usipoelewa mahali, si kosa lako. Hata sisi tuliokuwepo tulichelewa kuelewa.

Kwetu Lubumbashi, mtu akifa, matanga yanagawa watu. Wanawake wanakaa ndani, juu ya mikeka, pamoja na mfiwa. Wanaume wanabaki nje, kuzunguka moto, na ndio wanaokwenda makaburini na majembe. Hakuna anayekuonyesha pa kukaa. Unaingia uani, na miguu yako inajua.

Katika mtaa wetu wa Annexe, kati ya mashamba madogo ya mahindi, aliishi fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa tunayopikia bukari, ugali wetu. Aliyatengeneza kwa bati kuukuu, na nyundo yake ndiyo iliyotuamsha asubuhi. Alizaliwa msichana, huko kaskazini ya Katanga. Watu wazima walijua, lakini hakuna aliyelisema. Sisi tulimwita baba mdogo. Baba mkwe wangu alipofariki, baba mdogo alikaa nje kwenye moto, akachimba kaburi pamoja na wenzake, na mama mkwe wangu akampelekea bukari katika sahani moja na wanaume. Hiyo ilitosha. Sahani ile ilikuwa imeshasema.

Kisha ikaja amri ya Serikali: mwanamke wa Zaire asivae suruali, avae kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni. Vijana wa chama tawala walisimama sokoni kuwakamata wanawake. Siku moja mtu akawanong'oneza alivyozaliwa, wakamzunguka baba mdogo mbele ya mbabula zake.

"Jumamosi kwenye salongo," mmoja akasema, "tutaona kama huyu baba anajua kufunga kikwembe."

Wenzake wakacheka. Salongo ilikuwa kazi ya lazima, mtaa mzima ulifagia barabara pamoja. Kwa hiyo angevalishwa kikwembe mbele yetu sote.

Mama mkwe alikataa. Nataka ujue hilo, maana miaka ile amri ilipigiwa makofi kwanza, na maana yake ikaulizwa baadaye, tena chumbani. Alikusanya wanawake wa mtaa, Wakatoliki na mama mmoja Mwislamu wa Maniema, tukatafuta neno ambalo shefu, mkuu wa mtaa, asingeweza kulipinga. Tukalipata: moto. Cheche zinaruka, bati linakata. Kikwembe kingemuunguza fundi. Tulifurahi sana kuwa na hoja nzuri namna ile. Baba mdogo alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, kwenye benchi lake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ofisini, mbele ya shefu, mama mkwe alipiga magoti, akasema kwa upole, "Shefu, huyu mama iko na kazi ya moto. Umuhurumie, umuachie suruali."

Shefu alimtazama baba mdogo, kisha sisi. "Kumbe wote munajua iko mama," akasema. "Basi, sitwayeni," akamwambia baba mdogo, kwa neno la Kifaransa la raia mwanamke, "suruali kazini tu. Ukitoka kazini, kikwembe. Na kwenye salongo, utashika ufagio na wamama wenzako."

Tulipiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi.

Njiani alitembea nyuma yetu. Mama mkwe alisimama kumngojea, akamwambia asante ni ya Mungu, apumzike sasa. Yeye akajibu bila hasira, "Mama, mulikomboa suruali. Miye mwenyewe mulinibakisha mule ndani."

Jumamosi hakuja kwenye salongo. Katikati ya juma lililofuata jirani alifiwa, na baba mdogo akaingia uani kama kawaida. Wanaume walisogea kumpa nafasi, lakini kijana mmoja wa chama alikuwa pale, akikohoa kwa makusudi, na nafasi ikafungwa. Mwanamke mmoja, kwa wema mtupu, akamwita kutoka mlangoni: "Mama, karibu huku kwetu." Baba mdogo alisimama katikati ya ua. Kisha akageuka, akatoka. Baadaye tulisikia anagonga bati upande wa Kinsevere. Mtaani kwetu hakurudi.

Mama mkwe alirudi peke yake kwa shefu, mara hii bila kupiga magoti. Alimwambia, "Nilisema vibaya. Yule ni baba, na ile sheria ndiyo mbaya." Shefu akajibu kwamba mambo yale yamekwisha. Kwa kweli yalikuwa yamekwisha. Neno lilikuwa sahihi, lakini lilifika wakati mwenyewe ameshaondoka. Kila matanga mama mkwe aliweka sahani moja zaidi nje, na kila mara niliirudisha ndani ikiwa na chakula.

Sheria kama hizo bado zinatungwa, na mtu mwenye moyo mzuri kama wako atataka kuzipinga. Zipinge. Ila kabla ya kwenda kumsemea mtu, kaa naye kwanza, umuulize anataka aitweje mbele ya wakubwa. Kisha nenda, ukamwite hivyo tangu mlangoni.