Kukhu, Tasbihi na Dawa Yangu ya Pumu

Marafiki, leo Kukhu, nyanya yangu, amemaliza dawa yangu ya pumu bila kuvuta hata punje.

Ni ile ya unga, ninayovutanga nikijificha nyuma ya darasa. Ukisukuma kidude cha pembeni inalia "ka!", dozi inafunguka, na namba kwenye kidirisha inashuka. Uvute, usivute, imehesabu.

Asubuhi zilibaki dozi za kunifikisha kliniki wiki ijayo.

Nimerudi kutoka shule, natafuta. Kumbe iko kwenye mkeka wa Kukhu wa kuswalia!

"Tasbihi yangu ilikatika uzi," akasema. "Hii yako inajihesabianga yenyewe. Mbona hukuniambia uko na kitu kama hii?"

Nikachungulia kidirisha.

Sifuri. Nyekundu.

Nje jirani anachoma shamba la miwa, moshi unaingia, na kifua kimeshaanza kupiga filimbi.

"Ulikuwa unaomba nini, Kukhu?"

"Kifua chako kipone, mjukuu wangu. Nimeomba mpaka namba zikaisha."

Nikaitikia amina, kwa pumzi ndogo iliyobaki.

Jamani, nani atakuja kumwambia? Mimi siwezi.